Vijiti vya Lingeka

Mnada wa Bariadi ulikuwa umechanganya, ng'ombe wakilia upande mmoja na redio upande mwingine, na Nyanjige Mahona alikuwa ameinama chini ya meza ya muuza soda akiokota vizibo. Alivaa gauni la kitenge cha njano lenye mikono ya puto, nywele kazisuka mistari, miguuni viatu vya kanisani. Mkono mmoja ulishika mfuko wa rambo, wa pili ulipapasa vumbini. Mpita njia angesema huyu ni kichaa aliyejipenda.

Alipoinuka, akajikuta kazungukwa.

"Chagulaga, mayu," alisema mmoja, kijana wa kofia ya pama na miwani ya jua iliyokuwa bado na karatasi ya dukani kwenye kioo.

Walikuwa kundi zima. Mashati ya kung'aa, redio begani, hela ya pamba mfukoni. Mtoto yeyote wa Usukumani anaijua desturi hiyo. Vijana humzingira binti wakamwambia chagulaga, yaani achague, akichagua mmoja wengine wanampisha, na asipochagua watamsindikiza hivyo hivyo mpaka mlangoni kwao, wakiimba.

"Jamani, nina haraka," alisema Nyanjige.

"Basi chagua uende."

"Mimi ni mama wa mtu."

"Ng'ombe mwenye ndama ndiye mwenye maziwa," alijibu wa miwani, na wenzake wakacheka mpaka wakaegemeana.

Nyanjige alitazama huku na huku. Mtoto alikuwa kwa jirani, jua lilikuwa linashuka, na moyo wake siku hizo haukujua kukaa chini. Kando ya lori la pamba alisimama mwanamume mmoja mrefu, koti la kaki, anatafuna muwa taratibu kana kwamba mnada wote ulikuwa uani kwake. Nyuzi za pamba zilimjaa kichwani hadi akaonekana babu wa watu.

"Yule pale," alisema, akanyoosha kidole.

Vijana waligeuka wakamtazama mwenye bahati, wakaguna, wakatawanyika. Desturi ni desturi. Nyanjige akashika njia, lakini hakufika mbali.

"Dada, umenichagua halafu unanikimbia?"

"Nilikunyooshea kidole tu."

"Sasa mtu huchagua kwa kitu gani? Kwa goti?" Alikuwa kijana kabisa, kumbe, wa miaka ishirini na kitu, na meno yaliyokaa vizuri. "Mimi Januarius. Nyumbani Binza, kule Maswa. Napima pamba kituo cha Kasoli."

"Mbona kichwa kimezeeka kabla yako?"

"Hii? Hii ni mali ya kampuni. Nikijikung'uta sana watanikata mshahara." Akachungulia ule mfuko. "Na wewe unafungua kiwanda cha soda?"

"Ni vya watoto kuhesabia. Mimi nafundisha chekechea."

"Ee? Nilidhani chekechea ni kuimba na kunywa uji."

"Ndivyo anavyodhani na baba yangu," alisema Nyanjige, na hapo hapo, asijue kwa nini, akaongeza, "Nina mtoto wa kike, ana miaka minne. Nakuambia sasa ili baadaye usiseme ulifichwa."

"Anaitwaje?"

"Sayi."

Januarius aliuvunja muwa wake, kile kipande ambacho hakikuguswa na jino akampa. "Mpelekee Sayi. Mwambie umetoka kwa aliyechaguliwa." Kisha akapiga magoti vumbini, koti na yote, akaanza kuokota vizibo.

*

Tangu siku hiyo, Nyanjige akawa na mawili ya kumkosesha usingizi.

La kwanza lilikuwa la zamani. Akiwa kidato cha tatu alipata mimba, shule ikamfukuza, na mwenye mimba akaenda Geita kuchimba dhahabu na huko huko akapotelea kama jiwe kisimani. Nyanjige alijifungua, akanyonyesha, akasoma masomo ya jioni katika darasa lenye taa ya karabai, Sayi akiwa amelala juu ya khanga chini ya dawati. Akafanya mtihani wa kidato cha nne pamoja na watu wazima, akafaulu. Kisha akajiandikisha kusomea cheti cha ualimu wa elimu ya awali, kile cha walimu walio kazini. Likizo anakwenda chuoni Mwanza, muhula ukianza anarudi kufundisha. Miaka miwili ilikuwa imepita. Lililobaki lilikuwa moja tu, mkufunzi kuja kumwona akifundisha, na zana zake zote alizotengeneza kwa mkono zikiwa mbele ya watoto.

Mwenye chekechea, Mama Specioza, alikuwa mwanamke mpole mwenye maneno makavu.

"Nyanjige, mwanangu, mimi nakupenda," alimwambia huku akikoroga uji. "Lakini wazazi wa sasa hawa, biashara zimefunguliwa, kila mtu ana duka, kila mtu ana lori. Wanauliza cheti kabla hawajauliza jina la mwalimu. Januari nitaandika mwalimu mwenye cheti. Ukiwa wewe, nitacheza. Usipokuwa wewe, utabaki kumimina uji, na mwingine atashika chaki yako."

Cheti au uji, basi. Na mkufunzi hatoi taarifa. Chuo kilisema atakuja siku yoyote kabla ya shule kufungwa. Kila Land Rover ilipopita barabarani, Nyanjige aliacha kuimba katikati ya wimbo.

La pili lilikuwa Januarius.

Nyanjige hakuwa na simu. Alipigiwa kwenye kibanda cha Mektilda, shoga yake, ambaye alikuwa na simu moja ya kulipia kwa dakika na masikio mawili ya bure. Januarius alipotaka kuongea alibipu kwanza, Mektilda akamtuma mtu chekechea, na jioni Nyanjige akaja mbio, mikono ina chaki, akampigia kwa vocha aliyoituma mwenyewe.

"Halo, mwalimu."

"Halo, mzee wa pamba. Mbona unahema?"

"Nimepanda juu ya lundo. Kasoli mtandao hauko chini, uko huku juu kwa malaika. Nikizama humu usilie."

"Nitalia. Nani atakuwa ananinunulia vocha?"

"Loo. Kumbe mimi ni vocha."

"Vocha yangu," alisema Nyanjige kwa sauti ndogo, akimpa mgongo Mektilda, ambaye alikuwa anapaka rangi ukucha ule ule kwa mara ya tatu.

"Rudia, upepo umechukua."

"Aa, imeshapita hiyo."

"Rudia, mpenzi, niko juu hapa peke yangu kama tai."

"Vocha yangu. Haya, shuka usije ukavunjika."

Jumapili alikuja mjini na lori la Athanasi, dereva wa kampuni. Sayi alimzoea siku ya kwanza, akamwita Babu Pamba, na jina likakaa. Walitembea watatu hadi kwenye vibanda vya samaki wa kukaanga, Januarius katika shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo ikasimama kama kisu, Nyanjige katika sketi ya bluu na blauzi ya maua. Huko ndiko Januarius alikolitoa la moyoni.

"Msimu ukiisha nataka kutuma wazee waje kwenu."

Nyanjige aliuchambua mwiba wa samaki wa Sayi kwa muda mrefu kuliko mwiba wenyewe ulivyostahili. "Subiri nipate cheti kwanza."

"Cheti na wazee vinagombana?"

"Nikiolewa kabla, kila mtu ataniambia cheti cha nini, una mume. Hata wewe utasema."

"Mimi?"

"Siku mtoto atakapougua, na chakula kimechelewa, utasema. Nataka nikija kwako nije tayari ni mwalimu. Hapo hata ukisema, utakuwa umechelewa."

Januarius alicheka, lakini macho hayakucheka sana. "Sawa. Nitasubiri. Ila mwanamume akisubirishwa, roho inaanza kusikiliza maneno ya watu."

"Basi zibe masikio. Una pamba ya kutosha."

*

Zana moja ilikuwa haijapatikana, nayo ni vijiti vya kuhesabia. Nyanjige alikuwa ameandika kwenye andalio la somo kwamba watoto watahesabu kwa vijiti, wavifunge kumi kumi, mpaka wafike mia. Alivitaka vilivyonyooka, vilivyomenywa vikawa vyeupe, visivyochoma vidole. Pembezoni mwa mji miti yote ilikuwa imeishia jikoni. Mwanafunzi mwenzake wa chuoni, Josia, anayefundisha Lingeka huko Meatu, akamwambia, "Kwetu pori bado lipo. Nitakukatia, nitakuletea mwenyewe nikija mjini."

Josia alikuwa mtu wa neno lake. Alikuja siku ya katikati ya wiki, Nyanjige akiwa darasani, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa baba wa binti, Mzee Mahona. Alikuwa amevaa suruali ya kitambaa na shati la mikono mirefu lililofungwa hadi shingoni, maana alikuwa anatoka ofisi ya elimu. Akavua kofia, wakaamkiana kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola. Natokea Lingeka." Akamkabidhi kwa mikono miwili fungu zito la vijiti vyeupe, vimefungwa kamba ya katani. "Nimemletea Nyanjige. Viko mia kamili, nimevihesabu mwenyewe. Yeye anajua."

Mzee akamwambia aketi, anywe maji. Josia akakataa kwa adabu, basi la Meatu lilikuwa linapiga honi. Akaondoka.

Sasa hapo ndipo palipoharibika. Kwa Wasukuma, mahari haisemwi kwa mdomo kama bei ya chumvi. Mshenga huja na vijiti, kila kijiti ng'ombe mmoja, huvikabidhi kwa mikono miwili, hali wala hanywi mpaka ajibiwe. Vijiti vikilala ndani ya nyumba bila kurudishwa, neno limepokelewa. Wala binti haambiwi mapema, ni maneno ya wazee. Na huyu mgeni amekuja kavaa vizuri, kavua kofia, kakataa maji, na anatoka Lingeka, nchi ya watu ambao ng'ombe wao huwezi kuwaona mwisho.

Mzee Mahona alikaa na lile fungu mapajani mpaka kivuli kikahama. Mia. Binti mwenye mtoto, aliyefukuzwa shule, aliyekwisha kuchekwa kisimani na kila mwenye ndoo. Mia. Akaingia ndani akavining'iniza darini, juu ya kitanda chake. Kisha, kwa kuwa furaha ni kama kikohozi, akaenda kilabuni kwa wenzake, akina Selestini, na kikamtoka.

Siku ya pili habari ilikuwa sokoni. Siku ya tatu ilipanda lori la Athanasi ikafika Kasoli.

*

Nyanjige yeye aliona kimya tu.

Siku ya kwanza akasema mtandao. Siku ya pili akasema vocha. Wiki ilipokatika, alikuwa anapita kibandani asubuhi na jioni, anajifanya ananunua kiberiti.

"Hajabipu?"

"Hajabipu," alisema Mektilda, macho kwenye kucha.

"Hebu mpigie wewe."

Ile sauti ya mwanamke wa kwenye simu ikasema mteja hapatikani. Nyanjige akairudisha simu kana kwamba imemchoma. Usiku akaota analifunga lundo la pamba kumi kumi na halifungiki. Darasani alimwita Shija kwa jina la mwingine, na Shija, mtoto wa wafugaji ambaye Kiswahili kilikuwa bado kinamkwepa, akalia.

Kisha Josia akapiga simu kibandani kuuliza habari za ukaguzi.

"Vijiti vimekufaa?"

"Vijiti gani, Josia? Bado navisubiri."

"Utavisubirije na niliviacha kwa mzee wako? Mia. Tena alinipokea vizuri, karibu anikumbatie."

Nyanjige akaikata simu polepole. Akamtazama Mektilda. Mektilda alikuwa ameacha kupaka rangi.

"Kwa hiyo," alisema Mektilda, "huyo wa Lingeka siye mchumba?"

"Mchumba wa nani?"

"Mji mzima unasema umetolewa ng'ombe mia. Mimi nilinuna kwamba hukuniambia." Akafunga kichupa cha rangi. "Na Januarius alibipu, Nyanjige. Ile ile wiki. Nikampigia. Akaniuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli, nyumba yenu ina vijiti vya watu, asikusumbue. Akasema, sawa, nyumba ikiwa na vijiti vya mwingine mtu mwenye adabu hupita mbali. Nilidhani nakusaidia, shoga yangu."

Nyanjige alitoka kibandani. Alikwenda nyumbani kwa mwendo ambao watu walimpisha.

Mzee Mahona alikuwa uani, anasuka kamba ya kitanda.

"Baba, Josia aliniletea nini?"

"Hayo ni maneno ya wazee. Utaambiwa."

"Baba, vile ni vijiti vya watoto kuhesabia."

Mzee akaendelea kuvuta kamba. "Vyote?"

"Vyote."

"Na ng'ombe?"

"Hakuna ng'ombe. Josia ni mwalimu mwenzangu, ana mke na mapacha."

Kamba ikaanguka. Kwa muda mzee alikuwa mtu mdogo sana. "Nimesema mbele ya watu," alisema. "Nimesema mbele ya Selestini. Selestini alinipa hata pombe."

"Nipe nikafundishie, baba. Mkufunzi anaweza kuja kesho."

"Siwezi." Aliinua mkono. "Fungu lililopokelewa kwa neno halitolewi kimya kimya kama kuku wa kuibwa. Niliyowaambia lazima niwaambie tena kwa mdomo huu huu. Na mdomo huu leo hauna nguvu." Kisha akasema, kama mtu anayejitetea kwa kisu butu, "Na hicho cheti chako, kina maziwa?"

"Hakina," alisema Nyanjige. "Ila hakitakufa kwa ugonjwa wa kupe."

*

Jioni hiyo Athanasi alisimamisha lori mbele ya kibanda.

"Shemeji, maana mimi bado nakuita shemeji," alisema. "Kituo cha Kasoli kinafungwa wiki hii. Januarius anaondoka na marobota ya mwisho, anakwenda Mwanza, na kampuni inataka kumhamishia Igunga akakae huko kabisa. Kesho alfajiri napita Kasoli. Panda tukaongee naye."

Nyanjige alishika mlango wa lori. Bati lilikuwa bado lina joto la jua. Akipanda, atamkuta, atamweleza, atacheka naye. Mkufunzi akija akakuta darasa halina mwalimu, basi, miaka miwili imemwagika kama uji wa mtoto.

"Mwambie hakuna ng'ombe," alisema.

"Nilishamwambia mimi siamini. Akasema dereva haamini hata shimo mpaka aingie."

"Basi mwambie Jumamosi apitie mnadani. Asile nyama, asinywe soda. Apite tu."

"Na kesho?"

Nyanjige aliuachia mlango. "Kesho nafundisha."

Usiku ule alijigeuza kitandani mpaka Sayi akamwambia, "Mama, unatikisa nyumba."

Mkufunzi alikuja siku hiyo hiyo ya kesho. Alishuka garini mwanamke mnene, kilemba cha zambarau, miwani imeshuka puani. Jina lake Bi Veronica. Alikaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akafungua andalio la somo.

Nyanjige alisimama mbele katika sketi yake ya bluu. Akapiga makofi, na watoto wakapiga naye. Akamwaga vizibo mkekani. Vikalia kama mvua ya mawe. Akawaambia kila mmoja achukue kumi. Wengine walichukua kumi, wengine walichukua mlima. Shija aliganda, vizibo mkononi, mdomo wazi.

Nyanjige akachuchumaa mbele yake. "Hesabu kama nyumbani, Shija. Kama unavyohesabu ndama."

Mtoto akamtazama kuona kama ni mtego. "Imo," alianza, "ibili, idatu..." akafika kumi bila kukwama. Nyanjige akarudia naye kwa Kiswahili, kizibo baada ya kizibo, hadi Shija akazichukua namba zile akaondoka nazo peke yake, kwa sauti kubwa kupita wote.

Huko nyuma kalamu ilikuwa inakwaruza.

"Mwalimu," alisema Bi Veronica, "andalio linasema vijiti, na mafungu ya kumi hadi mia. Vizibo havifungiki. Vijiti viko wapi?"

Nyanjige alianza kukusanya vizibo. Mlangoni pakabishwa hodi.

Mzee Mahona alisimama pale na koti lake la sherehe, jasho linamtiririka, fungu jeupe mikononi. Alikuwa ametokea kilabuni, wala hakwenda kunywa. Alikuwa amesimama mbele ya Selestini na wenzake, akasema alivyokosea, wakamcheka mpaka wakalia machozi, naye akasubiri wamalize ndipo akaondoka.

"Mwangaluka," aliwaamkia wote. "Nimeleta ng'ombe wa mwalimu."

Bi Veronica akamtazama Nyanjige.

"Ni baba yangu," alisema Nyanjige. "Ameleta zana."

Mzee aliketi mkekani kwa shida, akaliweka lile fungu mbele yake. Aliitazama kidogo kamba ya katani. Kisha akaifungua kwa mikono yake mwenyewe, na vijiti vikatawanyika, na watoto wakamvamia kama kuku kwenye mtama.

"Taratibu, taratibu. Huyu wako. Huyu wako. Wewe umepata dume, mshike vizuri. Kumi wakitimia, wafunge zizini."

Zizi baada ya zizi wakafunga, mzee akivuta mafundo yaliyolegea, Nyanjige akiuliza, watoto wakipaza. Walipofika mia, Bi Veronica alikuwa ameshuka kwenye kile kiti kidogo, yuko chini na wao, ana zizi lake.

Alipoondoka hakusema amefaulu wala hajafaulu, hawaruhusiwi. Alisema tu, mguu mmoja ukiwa ndani ya gari, "Wazazi wengi nikiwaona shuleni wamekuja kugomba. Huyu wako mtunze."

*

Jumamosi mnada ulikuwa mwembamba. Hela ya pamba ilikuwa imekwisha kunywewa. Nyanjige alivaa lile gauni la njano, akasimama karibu na meza ya muuza soda, kisha akahama, kisha akarudi. Kila lori lililoingia lilimkanyaga moyo.

La Athanasi liliingia limebeba marobota hadi juu. Januarius aliteremka. Hakuwa na pamba kichwani, alikuwa amenyoa, na hivyo akaonekana mgeni. Alisimama mbali, akasalimia kwa kichwa, kama mtu anayesalimia nyumba yenye msiba.

Basi vijana wa kofia na miwani walikuwepo, wachache, wamechoka. Wakamwona binti akitembea moja kwa moja kumwelekea mwanamume. Wakazima redio. Nyanjige akamzunguka Januarius, mzunguko mzima, kama wanavyofanya wao, gauni likipeperusha vumbi.

"Chagulaga," alisema.

Mmoja akapiga mluzi. Mwanamke hasemi hivyo.

"Uko peke yako," alisema Januarius. "Nitachagua nani?"

"Ndiyo nakurahisishia."

"Na wa Lingeka?"

"Ana mke na mapacha. Aliniletea vijiti vya watoto, baba akavifanya ng'ombe."

"Mia?"

"Mia. Januarius, nitazame mimi. Mtu mwenye akili zake anaweza kunitolea ng'ombe mia?"

Januarius alimtazama. Alianza na viatu, akapanda taratibu hadi kwenye mistari ya nywele. "Anaweza," alisema. "Hilo ndilo lililoniua. Nilihesabu ng'ombe wa baba yangu Binza, nikahesabu na mbuzi, nikasema kweli, huyu kapata anayemstahili."

"Ungeniuliza mimi."

"Nyumba yenye neno la mwingine haibishwi hodi. Ulitaka niwe mtu wa namna gani?"

"Wa kuuliza," alisema Nyanjige. "Nilikuwa nanunua viberiti, Januarius. Nina viberiti vya kuchoma Bariadi nzima."

Akacheka, yeye Januarius, na kicheko kikavunjika katikati. Akatia mkono mfukoni, akatoa kizibo cha soda kilichobonyea, chenye vumbi la siku ile. "Hiki kilikuwa kimoja zaidi kwenye vile vyako. Nilikiiba."

"Mwizi wa zana za serikali."

"Mkufunzi alikuja?"

"Alikuja. Sijui kama nimefaulu. Ukinichukua sasa, unachukua mwalimu au unachukua mmimina uji, sijui."

"Nachukua aliyeninyooshea kidole." Athanasi akapiga honi. "Lakini leo ni lazima niondoke, mpenzi. Igunga sitakaa. Nikimaliza msimu wa kuchambua narudi, na wazee watakuja cheti kikishafika. Nimesubirishwa, nitasubiri tena. Masikio nimeziba."

Lori likaondoka. Nyanjige alilitazama mpaka lile rundo jeupe likawa dogo kama kijiko cha uji.

*

Cheti kilifika Januari, ndani ya bahasha ya kaki. Mama Specioza alicheza kweli, kijiko mkononi. Mzee Mahona alikichukua akakipigilia misumari minne ukutani, chini ya dari, mahali ambapo fungu la Lingeka lilikuwa limening'inia, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa hata kama alikuja kuomba chumvi.

Wazee wa Binza walikuja mvua za masika zilipopumua. Walivua kofia, wakakataa maji. Mshenga akatoa fungu la vijiti kwa mikono miwili, fungu dogo, ambalo mkono mmoja ungelitosha. Mzee Mahona akalipokea bila kulitazama, kama inavyopasa, akaliweka mbele yake.

Januarius alikuwa nje, kwenye kivuli cha ukuta, hakai. Nyanjige alikuwa jikoni, hakai.

Sayi akaingia. Hakuna aliyemwona hadi alipokuwa ameshachuchumaa katikati ya wazee, amelivuta fundo, na vijiti vimeshatawanyika juu ya mkeka. Mshenga akashtuka, akanyoosha mkono kumzuia. Fungu la mahari haliguswi na mtoto.

"Mwache," alisema Mzee Mahona. "Anahesabu."

Na wazee wote, kofia magotini, wakamsikiliza. Alifika tisa, akaruka moja, akajishtukia mwenyewe, akaanza upya.